Mwandiko Wangu Katika Matanga ya Baba

Nauchukia mwandiko ule. Nauchukia nikiuona kwenye mlango wa saluni karibu na soko la Kakamega, ukimwambia kila apitaye Karibu Mrembo. Nauchukia kwenye mabango ya harusi, kwenye tisheti za kwaya, kwenye dirisha la duka la keki, na nyuma ya pikipiki moja ya bodaboda iliyoandikwa Mama Nisamehe. Ni mwandiko uliolala kidogo upande wa kulia. Herufi zake zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, mkia wa y umekunjwa kwa ndani, na k imeegemea jirani yake kama mtu aliyechoka. Ukiuona utadhani kuna mtu aliyekaa chini akakuandikia wewe peke yako. Hakuna mtu. Ni kompyuta. Lakini mwanzoni mtu alikuwepo, na mtu huyo ni mimi.

Mimi niliishia darasa la nane. Naandika polepole, hata haya ninayaandika polepole. Tena kalamu yangu hukandamiza. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akishika daftari langu juu ili wenzangu walione, anauliza, "Huyu anaandika au anachimba mtaro?" Darasa zima linacheka, nami naangalia viatu. Ukurasa wangu ukiugeuza, maneno yote yamevimba nyuma kama alama za fimbo.

Mama hakukasirishwa na jambo hilo, kwa sababu lilimfaa. Yeye alisoma madarasa mawili tu. Husoma kwa kidole, neno moja moja, na macho yake hayapendi herufi ndogo. Nilipokuwa mtoto alikuwa akichukua daftari langu jioni, analigeuza ukurasa, anapitisha kidole gumba nyuma yake. Akikuta vimbevimbe anasema, "Leo umeandika." Akikuta laini anasema, "Leo ulicheza."

Nilipokuja mjini nilipata kazi katika hoteli ndogo ya chakula. Nilikuwa nikilala mtaa wa Amalemba, chumba kimoja na msichana mwingine wa kazi. Kazi yangu ilikuwa kuosha sahani na kupeleka chakula mezani, lakini kupeleka kulinishinda. Mteja akiuliza kuna nini leo, sauti yangu haikuwa ikifika upande wa pili wa meza. Mwenye hoteli, mama mnene mwenye kelele, alinivumilia kwa muda, kisha akaniletea ubao mweusi na chaki.

"Kama umeshindwa kusema, basi andika," alisema. "Na usinimalizie chaki."

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya wateja nilikuwa nikiandika ubao: ugali kuku, ugali mrenda, matumbo, chapati, chai ya maziwa. Nilichukua muda, na chaki ilikuwa ikivunjika mkononi kwa kukandamizwa. Lakini wateja walipenda ubao ule. Mwenye hoteli akawa anawaambia, "Huyu mkono wake ndio unaongea, mdomo aliusahau kwao." Ulikuwa utani wa kuniumiza, ila ndani yake nilisikia sifa, na sikuwa nimezoea sifa.

Mmoja wa wateja alikuwa kijana mwenye duka la kuchapisha, ghorofani, upande wa pili wa barabara. Anachapisha kadi, mabango, vibandiko, na zile programu za mazishi zenye picha ya marehemu kwenye jalada. Siku moja aliupiga ubao picha kwa simu.

"Ni nani anaandikanga hii?"

Mwenye hoteli akaninyooshea mwiko.

"Siste, mkono wako uko sawa sana," akaniambia. "Niandikie kitu kesho."

Kesho yake alileta karatasi iliyojaa vijumba vidogo. Katika kila kijumba nilitakiwa kuandika herufi moja kwa kalamu nyeusi: kubwa, ndogo, tarakimu, nukta, alama ya kuuliza. Alisema anataka kujaribu kitu kwa mashine. Niliketi pembeni mchana hoteli ilipotulia, nikaijaza. Yeye alimaliza chai yake, akaagiza nyingine, akapiga miayo.

"Siste, ni alfabeti tu. Si Biblia."

Alininunulia soda. Niliinywa nikiwa na furaha, na ladha ya soda ile ndiyo inanikera zaidi ninapokumbuka.

Sikujua kilichofuata mpaka nilipokutana na mlango wa saluni. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyekutana na nguo yake imevaliwa na mwingine. Kwa dakika moja nilidhani labda niliuandika mimi nikasahau. Msichana wa ndani akatoka na kitana mkononi, akaniuliza kama nasukwa au naziba njia. Baada ya hapo nikawa nauona kila mahali. Kulikuwa na mchinjaji aliyeandika Nyama Safi kwa mwandiko wangu, na nzi walikuwa wametua juu ya herufi zangu.

Nilichukua siku nyingi kupata ujasiri wa kupanda ngazi za duka lile. Kijana alikuwa mbele ya kompyuta, anapanga bango la mtu anayefuga kuku.

"Ile karatasi," nilisema.

"Karatasi gani?"

"Ya mwandiko wangu."

"Ah! Fonti yangu! Zile herufi zako nilizotia kwa kompyuta!" Akageuka na kiti, meno yote nje. "Siste, ile kitu imekubalika. Watu wa harusi wanaitaka, watu wa keki wanaitaka, na watu wa matanga ndio usiseme."

"Iondoe."

"Niitoe wapi? Nimewatumia wenzangu kwa magrupu. Iko Mumias, iko Bungoma. Fonti ikitoka imetoka, ni kama harufu ya omena. Utairudisha kwa sufuria?"

Kisha akanieleza kama anayemfundisha mtoto. Zile herufi zilizosimama wima kama za gazeti, alisema, zinatisha watu. Mtu akiziona anafikiria chifu, anafikiria korti. Lakini hii inakaa kama mtu wa nyumbani ameshika kalamu akaandika kwa mapenzi. "Mtu akiona hii, anaamini," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake."

"Hukuniuliza."

"Si uliandika mwenyewe? Kuna mtu alikushika mkono?"

Mimi majibu yangu huja kesho yake. Nilishuka ngazi. Kesho yake jibu likaja, zuri, lenye makali, na nikaliosha pamoja na sahani.

Sasa niseme kuhusu kwetu. Baba alikuwa mkulima wa miwa karibu na Shianda, na alikuwa na nyumba mbili. Nyumba kubwa ni ya mama mkubwa, mke wake wa kwanza, na wanawe. Mama yangu ni mke wa pili, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Baba alimjengea mama nyumba upande wa pili wa miwa, akatoa ng'ombe kwao mbele ya watu. Baadaye wana wa nyumba kubwa walikua, maneno yakawa mengi, ukuta ukatobolewa usiku, na mama akahamia chumba cha kupanga pale sokoni Shianda. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Kile kibao chake, Omena Safi ya Leo, nilikiandika mimi kwa rangi. Baba hakuwahi kumkana. Alikuwa akija sokoni, anakaa kwenye kigoda, anakula obusuma, ugali wa kwetu, na omena, anasema chumvi imezidi, na anarudi tena wiki inayofuata.

Baba alipofariki, ndugu yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa nyumba kubwa, ndiye aliyeshika kila kitu. Mama alituma neno kupitia kwa shangazi, dada yake baba, kwamba asisahauliwe kwenye programu. Jibu likarudi kwamba mambo yote yamepangwa.

Kwetu programu si karatasi tu. Siku ya kuzika, wasifu wa marehemu husomwa mbele ya jeneza, na mke au mtoto anayetajwa husimama, huenda kando ya mwili, watu wakamwona. Asiyetajwa hubaki kwenye kiti. Miaka ikipita, kukiwa na ubishi wa boma au wa shamba, wazee huuliza jambo moja: siku ile nani alisimama? Mama hakuwa akitaka jingine. Alisema, "Mimi nisimame tu. Hata wasiponipa chai."

Tulifika asubuhi, mama amevaa leso nyeusi kichwani na lile koti lake la kanisa. Tuliketi kwenye hema nyuma kidogo, shangazi akiwa nyuma yetu. Muda si mrefu vijana wakapita wakigawa programu. Mama akapokea yake. Akaitazama juu, picha ya baba akiwa amevaa kofia, na chini yake maneno Safari Njema Baba.

Nikauona ule mwandiko.

Mama naye aliuona. Uso wake ukafunguka. Alinigeukia akanishika goti.

"Ee! Mbona hukuniambia? Umemwandikia baba yako!" Akamgeukia mwanamke wa kando. "Huyu ni binti yangu ameandika. Yote hii."

Yule mwanamke akasema vizuri, mkono mzuri. Mimi nikafungua mdomo, na mama tayari alikuwa amefungua ukurasa wa pili na kuweka kidole kwenye mstari.

Alisoma kama anavyosoma, neno moja moja, midomo ikicheza. Kidole kikapita jina la baba. Kikapita mahali alipozaliwa. Kikafika kwenye jina la mama mkubwa, kikateremka kwa watoto wake mmoja mmoja, hata wakwe, hata wajukuu. Kikafika mwisho wa aya. Kikasimama. Kikarudi juu, kikaanza tena, polepole zaidi, kama anayetafuta sarafu kwenye vumbi. Mara ya tatu hakumaliza.

"Umeniacha," alisema.

"Mama, si mimi."

"Umeniacha nje. Na wewe mwenyewe ukajiacha."

"Si mimi niliyeandika. Ni kompyuta."

"Kompyuta iko na mikono?" Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. "Hii k si yako? Si ndiyo ile iko kwa kibao changu?"

Ilikuwa ndiyo hiyo. Nilianza kueleza ile karatasi ya vijumba, yule kijana, ile soda, na kila neno lilipotoka lilionekana uongo hata kwangu. Shangazi akainama kutoka nyuma.

"Mwache," akamwambia mama. "Mtoto akishakaa town anachagua nyumba yenye mabati mapya. Walimwita, akaandika, wakampa chai. Si wa kwanza."

Mama akachukua mfuko wake uliokuwa katikati yetu. Akasimama, akaenda kuketi viti vya mwisho, karibu na mahali kamba za hema zimefungwa, ambapo jua linapiga. Hakunitazama. Nilibaki na programu yangu mapajani. Kwa mara ya kwanza niliisoma yote, na niliisoma kwa mwandiko wangu: kwamba baba yangu hakuwahi kuwa baba yangu.

Nilimtafuta ndugu yangu. Alikuwa kando ya gari, suti mpya, simu sikioni. Nilingoja mpaka akamaliza.

"Kaka. Mama hayuko."

"Hayuko wapi? Nimemwona pale."

"Kwa programu."

Akapumua kwa pua. "Kurasa ni nne tu. Tukiandika kila mtu aliyekula kwa mzee, tutamaliza miti yote ya msitu wa Buyangu."

"Mwandiko ni wangu."

"Nini?"

"Huu. Ni mkono wangu."

Akaitazama programu, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba hakuwa akijua. Hakuwahi kusoma kitu nilichoandika maisha yake yote. Aliingia dukani, akaonyeshwa aina za herufi, akachagua. "Yule kijana aliniambia hii inakaa kama familia imeketi pamoja ikaandika," alisema. Nikamweleza kwa maneno machache. Alisikiliza hadi mwisho, na hapo akacheka, si kicheko kirefu, maana mwili ulikuwa karibu.

"Basi shukuru," alisema. "Unalia kwamba hamko humo ndani, na kumbe kila herufi ni wewe."

Akaniacha, akaenda kupokea wageni.

Sijui kama hasira ya mtu mwenye haya ni tofauti na ya wengine. Yangu haikunipeleka kwenye kipaza sauti. Ilinituliza mikono. Niliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Moja, watu walikuwa wanaanza kupanga foleni kuuaga mwili, na foleni ilikuwa ndefu. Pili, yule emsii, mwongoza shughuli aliyekodiwa pamoja na spika zake, mtu wa mjini asiyejua nyumba yetu hata moja, alikuwa ameacha programu yake juu ya spika na kwenda kunywa chai. Yeye ndiye angesoma wasifu. Na yeye angesoma kilichoandikwa.

Niliichukua. Kwenye meza ambapo wageni hutia sahihi nilichukua kalamu nyeusi. Hakuna aliyeniuliza. Watu hawaniulizi kitu, hawanioni. Nikaenda nyuma ya mahali wanawake walipokuwa wakisonga obusuma, nikageuza beseni, nikaliweka magotini liwe meza.

Baada ya aya ya nyumba kubwa, yule kijana wa duka alikuwa ameacha nafasi kabla ya aya ya kanisa, ili ukurasa upendeze. Nafasi ya mistari miwili. Niliutazama ule mwandiko ambao kwa miezi nilikuwa nikigeuza uso nisiuone. Sasa ilibidi niuangalie herufi kwa herufi na kuuiga, kwa maana mkono wangu ulikuwa umebadilika kidogo tangu siku ya vijumba, na ule wa kompyuta ulikuwa umebaki palepale. Nilikuwa najiiga mwenyewe.

"Mukhana, unaficha nini hapo?" Mpishi mmoja, mwanamke mpana, mwiko mkononi, ananiita msichana kwa lugha ya kwetu.

"Naandika."

"Jina la nani?"

"La mama."

Akaangalia upande wa hema, akamwona mama pale juani. Anamjua. Wote wa soko wanamjua.

"Andika haraka."

"Siwezi haraka."

"Basi andika vizuri," alisema, akahamisha mwili wake mkubwa akasimama kati yangu na watu, akaanza kumgombeza mtu aliyeleta kuni mbichi. Aligombeza kwa muda wote ule. Alimgombeza hadi babu zake.

Niliandika kwamba marehemu pia alimwoa, nikaweka jina la mama lote, la ubatizo na la nyumbani, wa soko la Shianda, na kwamba walijaliwa binti mmoja, nikaweka langu. Herufi zikashikana mikono. K ikaegemea. Nilipuliza wino. Nikaitazama kwa mbali, na mstari wangu ulikuwa umekaa pale kama uliozaliwa pale.

Foleni ilipokwisha programu ilikuwa juu ya spika.

Emsii alianza kusoma kwa ile sauti yao ya kutangaza bidhaa. Alisoma kuzaliwa, alisoma ujana, alisoma nyumba kubwa. Mama mkubwa akasimama, wanawe wakasimama, wakasogea kando ya jeneza. Kisha akasoma mstari wangu, bila kupunguza mwendo, jina lote la mama, na akaongeza kama wanavyoongeza: "Mama, popote ulipo, tafadhali simama, usogee."

Hema likawa na sauti ya karatasi.

"Yangu haina hiyo," mzee mmoja alisema.

"Angalia ukurasa wa pili."

"Si ndio huo nashika!"

"Labda yako ni ya kwanza, hawakuwa wamemaliza."

Ndugu yangu alitoka kando ya jeneza, akamwendea emsii, akamnong'oneza. Emsii akafunika kipaza sauti kwa kiganja, lakini hakukifunika vizuri. Sote tukasikia: "Iko hapa, ndugu yangu. Tazama. Imechapwa."

Ndugu yangu akatazama. Kisha akainua macho akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata. Taya lake lilikuwa linacheza. Lakini baba alikuwa amelala pale mbele, na wazee wote walikuwa wakiangalia, na hata yeye hangeweza kuanza vita juu ya jeneza.

Mama alisimama. Alinyoosha koti lake la kanisa, akapita katikati ya viti, si haraka wala si polepole. Jina langu nalo lilikuwa limetajwa, kwa hiyo nikaenda nyuma yake. Mama mkubwa hakusogeza mguu hata kidogo. Alitema mate pembeni, kavu. Basi tukasimama upande wa miguu ya baba, na mpiga picha akatupiga picha sote pamoja kama familia.

Baada ya kaburi kufukiwa ndugu yangu alinishika mkono wa juu, akanivuta hadi kando ya miwa.

"Umeghushi programu ya mazishi ya baba."

"Mwandiko ni wangu."

"Nitakupeleka mahali!"

"Peleka." Sauti yangu ilikuwa ndogo, ila ilifika. "Waambie ni mstari gani wangu na ni gani si wangu."

Aliniachia. "Usidhani mstari mmoja ni shamba," alisema. "Na ukanyage hapa tena uone." Sijakanyaga. Hata hivyo sikuwa nimekanyaga sana kabla.

Programu ya emsii nilikuwa nayo. Aliiacha kwenye kiti, nikaitia ndani ya blauzi. Nilidhani mama atanishukuru. Tulitembea hadi sokoni akiwa mbele yangu. Tulipofika chumbani alivua leso, akaketi kwenye kitanda, na kigoda cha baba kilikuwa pale, hakuna aliyekikalia.

"Walipokuita ukaandika," alisema mwishowe. "Ukawaandikia yote kama walivyotaka. Halafu ukaniona pale juani, ukaona aibu, ukaniongeza."

Ndivyo alivyokuwa amelipanga jambo hilo njia nzima. Nilitambua kwamba nilichokifanya kilikuwa kimenitia hatiani zaidi. Kama mstari ule ulikuwa mkono wangu, na ilikuwa wazi ni mkono wangu, basi na mingine yote ilikuwa mkono wangu. Hata mimi ningefikiri hivyo. Nilirudia habari ya karatasi ya vijumba. Akatikisa kichwa.

"Usinipigie hadithi. Nimesimama, nashukuru. Lakini usinidanganye ndani ya nyumba yangu."

Jibu langu lingekuja kesho yake, na kesho yake ningekuwa Amalemba. Nilitoa programu kwenye blauzi nikampa, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Aliipokea. Jua lilikuwa bado linaingia mlangoni. Aliufungua ule ukurasa, akautazama mbele, macho yake yakachoka mara moja kama kawaida. Kisha mkono wake ukafanya wenyewe kile ulichokizoea. Akaugeuza ukurasa. Akaweka kidole gumba nyuma yake, juu kabisa, akakishusha.

Kilipita sehemu ya kuzaliwa kwa baba. Laini. Kilipita nyumba kubwa, watoto, wakwe, wajukuu. Laini tupu. Niliona uso wake ukianza kusikiliza. Kidole kikateremka kidogo, kikasimama. Kikaenda kulia, kikarudi kushoto. Kikashuka hadi kwenye aya ya kanisa, laini tena, kikapanda kikarudi pale.

"Hapa tu," alisema.

"Ndiyo, mama. Hapo tu."

Akapapasa tena, mstari wote, mwanzo hadi mwisho, na aliporidhika hakuomba msamaha. Si mtu wa hivyo. Alisema tu, akielekea upande wa mjini, neno baya kuhusu yule kijana wa ngazi, neno ambalo sitaliandika. Lilinipendeza.

Kisha akainuka, akafungua mfuko wake, akatoa programu yake mwenyewe, ile aliyopewa asubuhi, isiyokuwa na jina lake. Ilikuwa imekunjika kwa kushikwa sana. Akailaza juu ya kigoda cha baba, akainyoosha kwa kiganja.

"Andika na hapa," alisema. "Kandamiza."

Nilipiga magoti nikaandika.